Nusu Saa Alizoziuza Kola

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kola, kwa sababu kila shati la shule lililotoka mle lilimfikia halina shingo na likaondoka nayo.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, paa la bati, cherehani zimepangwa mstari mmoja. Huyu anaunga mabega, yule anaweka mikono, Kola anaweka kola, anayemfuata anatoboa matundu na kushona vifungo, wa mwisho anapunguza nyuzi na kupiga pasi. Malipo yalikuwa ya mstari mzima. Mmoja akiinuka kunyoosha mgongo, mashati yanarundikana kwenye cherehani yake, na wa mbele yake anabaki kujipepea mikono mitupu huku msimamizi akimkodolea macho. Aliyeinuka alikuwa anakula ya wenzake, na wenzake hawakuwa watu wa kunyamaza.

Kola si kazi ya kila mkono. Vitambaa viwili vinashonwa vikageuzwa, na visipovutwa sawasawa ncha moja inalala na nyingine inanyanyuka, mtoto wa watu anaenda shule kama aliyekabwa. Za Kola zililala zote. Alikuwa na namna yake ya kulivuta lile pande la chini kwa kidole cha mwisho sindano ikiwa inakwenda, na hakumwonyesha mtu. Alipopata mtazamaji aligeuza bega kidogo, basi.

Kipaji chake cha pili kilikuwa mdomo. Kabla ya kiwanda aliuza mitumba juu ya turubai, jua lake mvua yake, na huko alijifunza kwamba kitu unachokitaka usikitazame, na kwamba baada ya kutaja bei yako unanyamaza. Kwa hiyo wanawake wa mstari walipotaka feni, alitumwa Kola. Walipotaka maji ya kunywa yasiyo na ladha ya kutu, alitumwa Kola. Hakuna mara aliyorudi mikono mitupu.

Aliporudi kutoka likizo ya uzazi alikuwa na binti wa kunyonya na mama mkwe wa kumlea. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuja leo na kuondoka kesho, na nyumba ilikuwa ya kutembea tu kutoka kiwandani. Hospitali walimwekea mtoto kifuani kabla hajafutwa vizuri, akanyonya yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano, ambayo mama mkwe aliyatazama kwa jicho la mashaka mpaka alipoambiwa kuwa ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto duniani. Tangu siku hiyo binti hakujua hata mafua. Mapaja yalijaa yakafanya mikunjo. Mama mkwe alimwita mjukuu wake huyo mke mwenzangu, na kila jioni alimsingizia kuwa kamnyang'anya mume.

Kola naye alipenda kunyonyesha kwa sababu zake mwenyewe. Maziwa yapo tayari, yana joto lake, hayataki jiko wala sufuria, hayachachi, na hakuna mchuuzi katikati. Biashara ya namna hiyo hakuwahi kuiona sokoni.

Sheria ilimpa mama anayenyonyesha nusu saa asubuhi na nusu saa mchana. Mama mkwe alikuja getini na mtoto, Kola akatoka, akakaa juu ya tofali kwenye kivuli cha ukuta, akanyonyesha. Akirudi anakuta mashati yamefika juu ya taa ya cherehani, na mshona vifungo, ambaye kila mtu alimwita Vifungo, amekunja mikono kama yuko msibani.

"Shoga," alisema Vifungo, "hilo ziwa lako linamjaza mmoja na kutukausha wote."

"Si na wewe una mtoto? Nenda ukanyonyeshe."

"Wangu anatafuna mfupa. Mimi nataka mashati."

Maneno hayo yalimkera Kola kuliko alivyoonyesha. Hakuzoea kuwa mzigo. Alizoea kuwa ndiye anayeshukuriwa. Siku chache baadaye akaenda mezani kwa msimamizi, mtu wa miwani mikubwa na maneno machache, wakati mstari wote unasikia.

"Mzee, hizi nusu saa zinatuumiza."

"Zinawaumiza vipi tena? Si ndizo mnazozililia?"

"Tunainuka mara mbili, mstari unakufa mara mbili. Wewe unapata hasara, sisi tunapata matusi. Ziunganishe. Wenye watoto tuondoke mapema jioni kwa saa nzima, tukanyonyeshe kwa nafasi."

Msimamizi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Saa nzima? Mwenye kiwanda atanielewa?"

"Atakuelewa akiona mashati."

"Nikupe robo tatu."

"Mzee! Sasa haki yangu mwenyewe unaniuzia kwa rejareja?" Mstari mzima ukaangua kicheko. "Saa nzima, na dakika za kunawa na kufunika cherehani juu yake. Kama hutaki, kesho tunainuka wote kwa pamoja, ubaki wewe na taa zako."

"Basi," alisema msimamizi. "Chukueni."

Alikubali upesi mno. Muuzaji akikubali upesi hivyo, mnunuzi mwenye akili zake huigeuza mali akaikagua upya. Kola alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Ila siku ile alikuwa anapigiwa makofi, na makofi yana kelele.

Siku za mwanzo matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe. Kufika mchana yalikuwa yanamwagika yenyewe, hasa mtoto yeyote akilia mtaani. Akaokota vipande vya mabaki ya vitambaa vya shule, akavikunja, akaviweka ndani ya sidiria, akaendelea kushona. Maumivu aliyamezea. Baada ya muda vile vipande vilianza kutoka vina unyevu tu, si vya kukamua. Kisha vikawa vinatoka vikavu kama alivyoviweka.

Kola akafurahi. "Mwili umezoea ratiba," alimwambia Vifungo.

"Mwili una akili kuliko msimamizi," alijibu Vifungo, na wakacheka pamoja kama zamani.

Nyumbani mambo hayakuwa ya kucheka. Kola alifika jioni mapema, jua bado lipo, akamchukua mtoto na kumweka kifuani. Mtoto alivuta, akaacha, akavuta tena, akatoa kilio cha hasira na kuupiga kifua kwa kiganja.

"Mkwe," alisema mama mkwe akiwa mlangoni, "ziwa lako limekuwa kama bomba la mtaa huu. Linakoroma tu, maji hakuna. Huyu mke mwenzangu ana njaa."

"Amechoka tu, mama."

"Amechoka na nini, anashona mashati?"

Mume aliporudi safari alileta kopo la maziwa ya unga lenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Alilishika kwa mikono miwili kama kikombe cha ushindi. Mama mkwe alilipokea kwa furaha zaidi, maana sasa alikuwa na kitu cha kumtuliza mjukuu mchana kutwa. Kola hakubisha. Alijiambia ni la kuongezea tu. Mchana chupa, jioni titi. Kisha mchana chupa, jioni chupa kidogo na titi kidogo. Kopo lilipopungua, mama mkwe aliongeza maji lifike mwisho wa wiki, na chupa aliisuuza kwa maji ya tangi. Mabaki aliyaweka dirishani, yasitupwe, mtoto atakuja kuyamalizia. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa mama aliyelea watoto wake wote kwa ziwa, na chupa kwake ilikuwa chombo kama kikombe.

Mtoto akaanza kuhara. Asubuhi moja walimkuta amelegea, macho yameingia ndani, utosi umebonyea. Kola alimbeba mbio mpaka zahanati, mama mkwe nyuma yake anavuta kandambili.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mtu asiye na muda wa kupoteza. Alimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko mpaka akafumbua macho vizuri. Ndipo akamgeukia Kola.

"Anapewa nini?"

"Ya kopo. Na yangu, yakiwepo."

"Yakiwepo? Mwanzo yalikuwepo?"

"Yalimwagika mpaka kwenye mashati ya watu."

"Na unamnyonyesha saa ngapi?"

Kola akaeleza habari ya jioni, saa nzima, na zile dakika za juu. Alijisikia mwenyewe akieleza, na safari hii hakukuwa na makofi.

"Mama," alisema muuguzi, "titi si tangi, kwamba unaliacha lijae kutwa uje ufungulie jioni. Mtoto akivuta, mwili unajua kuna anayehitaji, unatengeneza. Likikaa limejaa mchana kutwa, mwili unaelewa kuwa mteja hayupo. Unapunguza. Unapunguza tena. Kuna siku unafunga duka."

Kola hakuhitaji kurudiwa. Hata yeye, mteja asipokuja, asingeleta mzigo.

"Haya yaliyobaki yana maana yoyote?"

"Yana maana kubwa. Hata yakiwa kidogo yanamkinga na haya haya yaliyomleta hapa. Na yanaweza kurudi, akiwekwa mara kwa mara, mchana na usiku. Ukiwa kazini, kamua kwa mkono."

"Nikamulie wapi, chooni?"

Muuguzi akamfuta mtoto mdomo. "Usichelewe tu. Chupa inatoka bila kuvuta. Akishaizoea, titi atalikataa, na hapo hata maziwa yakirudi hayana mwenyewe."

Kesho yake Kola alisimama tena mezani kwa msimamizi. Hakuzunguka.

"Mzee, nazitaka nusu saa zangu."

"Zipi? Si uliniuzia?"

"Nilikosea bei."

Msimamizi akacheka mpaka miwani ikateleza. "Kola amekosea bei! Njooni msikie, dunia inakwisha." Kisha akaacha kucheka. "Makubaliano yalikuwa ya wote. Waulize wenzako wakikuruhusu."

Aliwauliza wakati wa kunywa maji. Wenye watoto walikuwa wachache, na wote walimsikiliza wakitazama vikombe vyao. Vifungo ndiye aliyejibu.

"Ile saa ya jioni nashonea watu nyumbani. Nimeshaipangia. Usituharibie."

"Sitaki yenu. Nataka yangu."

"Akikupa wewe atatunyang'anya sisi, humjui? Bibie, wazo lilikuwa lako. Tulikupigia makofi. Sasa unataka tukuzomee?"

"Mtoto karibu anifie."

"Pole," alisema Vifungo, na alimaanisha. "Lakini amepona."

Basi Kola akawa anakwenda chooni. Mlango haukuwa na kitasa, akauzuia kwa mguu, akakamua kwa vidole huku mtu nje anagonga na kuuliza kama amelala. Yalitoka matone. Usiku alimweka mtoto kifuani akiwa nusu usingizini, kwa kuwa akiwa macho alianza kugeuza uso. Usingizini alivuta kidogo, kwa mazoea. Kidogo hicho ndicho kilichokuwa kimebaki, na Kola alijua kila juma linalopita linakimega.

Akangoja shule zikaribie kufunguliwa. Hapo vitambaa vililetwa kwa marobota, mwenye kiwanda akaanza kuja mwenyewe asubuhi, na msimamizi akawa anafuta miwani hata ikiwa safi. Kola akamfuata.

"Kesho asubuhi mtoto anakuja getini. Nainuka."

"Ukiinuka usirudi."

"Sawa. Kola ataweka nani?"

Msimamizi akavua miwani. Aliwahi kuwajaribu wengine Kola alipokuwa likizo ya uzazi, na kola zao zilisimama kama masikio ya mbuzi. Mzigo wote ulirudishwa.

Kola akanyamaza. Alipoona kimya kimekaa vya kutosha, akaweka mezani kitu pekee alichokuwa nacho.

"Nitamfundisha mtu. Nikiinuka, anakaa yeye. Mstari haufi. Nipe nusu saa zangu mbili, mimi na mama yeyote anayezitaka. Anayetaka jioni yake abaki nayo. Na ile kona ya stoo ya vitambaa, yenye mlango."

Msimamizi alikuwa ameutamani ujuzi ule miaka. "Unajua ukishamfundisha mwingine, sitakuwa na sababu ya kukuvumilia?"

"Najua."

"Basi fundisha kwanza. Kola zake zikipita, unapata nusu saa zako."

Kulipa kabla ya kupokea ni kosa ambalo hata mtoto wa sokoni halifanyi. Kola alilijua. Lakini shule zikifunguliwa angekuwa hana hata hilo la kuuza, na mtoto nyumbani alikuwa anasahau.

Aliyepewa kufundishwa alikuwa mshona mifuko, binti mpole ambaye bado waliendelea kumwita Mgeni, mimba yake ndiyo kwanza inaanza kuonekana chini ya aproni. Kola alikaa naye bega kwa bega, akamfungulia kile alichokificha miaka yote.

"Usivute kwa kiganja. Kidole hiki cha mwisho. Lisikie pande la chini."

"Hivi, dada?"

"Siyo hivyo. Hilo unalikaba."

"Samahani, dada."

"Samahani hailazi kola. Fumua."

Mgeni alikuwa na bidii, lakini vidole vyake vilikuwa vizito. Alifumua, akashona, akafumua. Kola alimshika mkono na kuuongoza kama anavyoongozwa mtoto kuandika, na moyoni alimchukia kwa kila shati lililosimama ncha. Gharama ya kila kosa alikuwa anailipa mtu mwingine nyumbani, asiye na meno. Zilipita wiki. Hatimaye msimamizi alichukua shati, akaliweka juu ya meza, akaigonga kola kwa kalamu, ikalala.

"Zimepita," alisema. "Nusu saa zako zimeanza."

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuja na mtoto. Waliingia kwenye kona ya stoo, kati ya majora ya kitambaa cheupe na cha bluu. Pakavu, pana mlango, pana kiti. Hakuna mwanamke wa mstari ule aliyewahi kupata mahali kama pale. Kola akafungua kifua, akamweka binti yake.

Mtoto alitazama titi kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja bila taarifa. Akageuza uso. Kola akamrudisha. Mtoto akajikunja kama upinde, akalia hadi sauti ikakatika. Kola akakamua, likatoka tone, akampaka mdomoni. Mtoto akalilamba, akakunja uso, akatazama mkoba wa bibi yake.

Mama mkwe tayari alikuwa na mkono ndani ya mkoba.

"Usimpe, mama."

"Analia, mkwe."

"Usimpe kwanza!"

Walifanya hivyo asubuhi na mchana, siku baada ya siku. Alimpa kwa kijiko. Alimpa akiwa amesimama, akiwa anatembea, akiwa amemwinamia. Alipaka maziwa ya kopo kwenye titi ili amdanganye, na mtoto akalamba ya kopo na kuliacha titi. Yale matone nayo yakakoma. Siku yalipokoma kabisa hakuna kilichouma, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, na hakuwahi kumwita hivyo tangu aolewe, "tumwache. Ameshaamua."

"Hajaamua kitu huyu," alisema Kola akifunga vifungo vya blauzi. "Mpe chupa. Umeichemsha?"

"Nimeichemsha."

"Na maji?"

"Na maji."

Shule zilifunguliwa. Mashati yakapungua. Msimamizi alimhamishia Kola mwisho wa mstari, kwenye mkasi wa kupunguza nyuzi, kazi ya wanaoanza. Kwenye cherehani yake alikaa Mgeni, tumbo linakaribia meza. Wanawake waliendelea kumwita Kola kwa mazoea, kisha mmojammoja wakaanza kusahau, wakawa wanamwita "wewe wa nyuzi". Hakuna aliyemtuma tena kwa msimamizi. Feni iliharibika, ikabaki imeharibika.

Siku moja msimamizi alisimama kwenye meza yake ya nyuzi. "Nasikia mtoto hanyonyi tena. Basi ile kona irudi kuwa stoo, si ndiyo? Na nusu saa zenyewe hazina mtu."

Kola hakuinua macho kwenye mkasi. Upande wa pili wa chumba Mgeni alikuwa amejishika kiuno, anapumua; karibuni naye angekuwa na wa kunyonyesha.

"Nani kakwambia hanyonyi?" alisema Kola. "Ananyonya kama ndama."

"Watu wanasema."

"Watu hawa hawa? Mzee, wewe ni wa kuambiwa? Njoo mchana usikilize mlangoni, kama aibu haikushiki."

Vifungo alisikia, akafungua mdomo, akamtazama Kola, akaufunga. Kwa Vifungo hilo lilikuwa tendo kubwa la huruma.

Mchana mama mkwe alifika. Kola akaacha mkasi, akaingia stoo, akakaa kitini, akampakata binti yake na kumtia chupa mdomoni. Mtoto akaishika kwa mikono miwili, akaanza kuvuta kwa pupa, macho yake yakizunguka kwenye majora ya vitambaa. Alikuwa ameanza kunenepa tena. Nje kukasikika viatu, vikaja taratibu, vikasimama karibu na mlango.

Kola akavuta mtandio wake, akamfunika mtoto na chupa yake, akainama mbele kama anavyoinama mama anayenyonyesha.

"Mama," alimnong'oneza mama mkwe, "sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Ulalamike tu kama kawaida yako."

Mama mkwe akakohoa, akapaza sauti: "Mkwe, mbadilishe upande, huyo mke mwenzangu atalimaliza ziwa hilo!"

Viatu vikaondoka. Nusu saa ilikuwa bado haijaisha, na Kola hakuinuka kabla ya wakati wake.